Tunda la Wasiolala

Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Tarjo aliivuta kamba yake mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akaitukana matusi ambayo asingethubutu kuyatamka kama baba yake angekuwa anamsikiliza. Lakini baba yake, mzee Langrine, alikuwa amesimama omo, uso ameuelekeza kusini, anasikiliza kitu kingine. Lijon, binti wa dada yake, alimwona mjomba amekaza mdomo. Hakungoja kuambiwa. Alichukua kopo, akakaa tayari kuchota maji.

Walikuwa wametoka kisiwani kwao Jeruon alfajiri, watu watatu katika boti ya mbao, kwenda visiwa vya ndege kutafuta mayai na wale kaa wakubwa wanaopanda minazi, kwa ajili ya sherehe ya binti wa Lijon kufikisha mwaka. Huko kwao mtoto akifikisha mwaka ni jambo la kisiwa kizima, na mama asiyelisha watu siku hiyo atasemwa mpaka mtoto mwenyewe aolewe. Kwa hiyo walikwenda, ingawa mzee Langrine alisema asubuhi ile kwamba bahari ina neno.

Neno lenyewe sasa likaja. Upepo wa kusini uliwashukia na mvua nyuma yake, na wimbi la kwanza likaingia botini bila hodi. La pili lilichukua pipa la petroli, madumu ya maji, kikapu cha chakula na dira. Wakachota. Mzee akashikilia kasia la usukani, Tarjo akachota na kutukana, Lijon akachota na kumwomba Mungu, na giza likaja likaondoka hawajui wako wapi. Kulipopambazuka walisikia ngurumo ya mwamba mbele yao na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kufanya lolote. Boti iliinuliwa, ikashushwa juu ya matumbawe, ubao ukapasuka. Mzee Langrine alirushwa nje. Paja lake lilichanwa mpaka karibu na goti, na kichwa kikagonga jiwe. Walimburuta mchangani anapumua lakini haitiki.

"Maji," Lijon alisema. "Kwanza maji, halafu mguu."

"Kwanza mguu. Damu ikimwisha, hayo maji utamnywesha nani?"

Wakafunga jeraha kwa shati la Tarjo. Kisha wakaanza kutafuta maji. Kisiwa kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu angeweza kukizunguka akiimba wimbo mmoja tu. Minazi ilikuwapo, lakini bahari ilikuwa imepanda juu ya nchi kavu mwaka uliotangulia, na sasa ilikuwa vigogo visivyo na vichwa. Kisima cha wawinda ndege kilikuwa chumvi tupu. Lijon alionja, akatema, akaonja tena kwa kutoamini.

"Lijon!" Tarjo aliita kutoka katikati ya kisiwa. "Njoo uone kichaa!"

Kichaa chenyewe kilikuwa mti. Upepo ulikuwa umekufa kabisa, hata nyasi zilikuwa zimetulia, lakini majani ya mti ule yote yalikuwa yakitikisika. Kila jani lilining'inia kwenye kikonyo kirefu chembamba, kijani juu na jeupe chini, likajigeuza na kujigeuza mpaka macho yakachoka kulifuata. Shina lilikuwa limejisokota, gome linabanduka vipande vipande. Matunda hayakuota matawini bali shinani, kama mafenesi, makubwa kiasi cha kichwa cha mtoto mchanga, ya kijani yenye madoa ya manjano. Hakuna ndege aliyejenga juu yake, ingawa kisiwa kizima kilinuka mavi ya ndege. Chini yake panya waliokonda walikimbia mchana kweupe, wakasimama, wakakimbia tena.

"Jabkiki," Lijon alisema.

Maana yake ni "usilale." Jeruon kila mtu alilijua tunda hilo, ingawa mti wenyewe wengi hawakuwahi kuuona. Wawinda ndege walikuja nalo mara mojamoja, likawekwa kwa ajili ya misiba. Wanaokesha na maiti walipewa kipande kila mmoja, na asubuhi ungewakuta macho makavu, wanaongea, wanapiga vidole magotini. Kipande tu, lakini. Mtu mmoja wa zamani, walisema wazee, alikula zima kwa ubishi, akatembea ufukweni mpaka mwezi ukafa na mwingine ukazaliwa, na mwisho akaendelea kutembea kuelekea baharini.

Tarjo alishika tunda akalivuta. Halikutoka. Jabkiki halianguki lenyewe hata liive vipi. Ni lazima ulisokote, na ukilisokota, shina hutoa utomvu mweupe na matunda ya jirani huanza kugeuka manjano siku hiyohiyo, kama vile mti unaona umechelewa. Alisokota, likatoka, akalipasua kwa kisu. Ndani nyama ilikuwa nyekundu, na katikati ya nyama kulikuwa na maji, kikombe kizima, yenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Tarjo alilamba kidole.

"Ngoja!" Lijon alisema. "Cha kwanza cha mjomba."

"Nani kala? Nimeonja kidole changu mwenyewe. Kidole nacho kina mjomba?"

Walikuwa watani, watoto wa kaka na dada, na kwao watani husemana hata kaburini. Lakini Tarjo hakubisha. Cha kwanza ni cha mkubwa, na mkubwa akiwa nahodha anayesoma mawimbi, hata chifu humsubiri amalize kunywa. Hilo halikuhitaji kufikiriwa. Lijon aliinua kichwa cha mjomba wake, akamtilia maji mdomoni kidogo kidogo, na koo la mzee likameza lenyewe. Walipoona anameza, walifurahi karibu kulia, wakampasulia la pili. Tarjo akanywa la tatu. Lijon alikuwa ameshashika la kwake mkononi mzee alipofumbua macho.

Mzee alilamba midomo. Akailamba tena, polepole, na uso wake ukabadilika.

"Nani kaninywesha hiki?"

"Mimi, mjomba. Hapakuwa na maji mengine. Tumekupa wewe kwanza."

"Kiasi gani?"

"Matunda mawili."

Mzee Langrine alifumba macho, na machozi yakapenya kwenye kope. Lijon hakuwahi kumwona akilia, hata siku alipomzika dada yake, mama wa Lijon mwenyewe.

"Wewe umekula?"

"Bado."

"Weka chini." Akamgeukia mwanawe. "Tarjo, nenda katazame boti."

"Boti iko palepale, baba, na tundu lake palepale."

"Nenda."

Tarjo akaenda. Alikuwa amezoea. Elimu ya mawimbi katika ukoo wao haimfuati mwana, humfuata mtoto wa dada. Tangu Lijon akiwa msichana mjomba alikuwa akimlaza kifudifudi ngamani, macho yamefungwa kwa kitambaa, ajifunze kwa tumbo ni wimbi gani linatoka wapi. Tarjo alipewa injini, na alipenda kusema kwamba injini angalau haina siri.

"Hukuwahi kuniona nikila jabkiki msibani," mzee alisema mwanawe alipokuwa mbali.

"Nilidhani ni meno."

"Si meno. Kwetu sisi wasoma mawimbi ni mwiko. Na sababu yake haisemwi ila na mwalimu kwa mwanafunzi, siku chifu anapompa ruhusa ya kuongoza chombo. Wewe hujapewa. Lakini maji yamezidi unga." Alivuta pumzi. "Tunda hili halifukuzi usingizi tu. Linafukuza utulivu. Tumbo haliwasikii mawimbi tena, linajisikia lenyewe. Mwezi mzima, wakati mwingine zaidi. Angalia."

Alinyoosha mkono. Vidole vilikuwa vimeshaanza kutetemeka.

Lijon alielewa sasa. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kwa adabu yake, ndiye aliyemwondoa nahodha wao. Kama angekuwa mtoto mchoyo asiye na malezi, akanywa kwanza yeye, wangekuwa salama. Hilo lilimuuma kuliko kiu.

"Mwambie Tarjo basi," alisema.

"Ya ndani hubaki ndani. Wewe usile tu. Umenielewa? Hata kulamba usilambe."

"Mjomba, nitakufa kiu."

"Ukila, tutakufa wote tumeshiba maji."

*

Hapo ndipo palipoanza siku ambazo hakuna aliyetaka kuzisimulia baadaye. Anga lilijifunika mawingu mazito tangu dhoruba, jua likawa halionekani linakotoka wala linakokwenda. Mawingu yale hayakuleta mvua. Lijon alitandika kanga yake juu ya majani kabla ya kupambazuka, akaikamua umande mdomoni. Alinyonya macho ya samaki. Alichimba shimo mchangani mbali na kisima, akapata maji yenye chumvi nusu, akajiruhusu funda moja na kujizuia la pili. Midomo ilipasuka, na ulimi ukawa mzito hata maneno yakamkwama.

Na wenzake hawakulala. Siku ya kwanza Tarjo alikuwa na nguvu za ng'ombe. Alibomoa baadhi ya viti vya boti, akaziba tundu, akakalafati nyufa kwa nyuzi za makumbi na utomvu wa jabkiki, ambao ulikauka ukawa mgumu kama ukucha. Alichonga mlingoti kutoka kwenye mti mkavu uliosukumwa na bahari, akashona turubai la boti kuwa tanga. Aliongea wakati wote huo. Akimaliza kazi alizunguka kisiwa, akarudi, akazunguka upande wa pili.

"We Lijon, kunywa!" alimwambia, ameshika tunda lililopasuliwa mbele ya pua yake. Maji mekundu yalimwagika mkononi mwake. "Unajikausha kwa nini? Unataka nikirudi Jeruon nimwambie mumeo nimemletea kambakochi mkavu?"

"Sitaki."

"Hutaki au umekatazwa?"

 Tarjo alimtazama, halafu akamtazama baba yake, na utani ukamtoka usoni.

"Sawa. Siri za watukufu. Mimi niacheni nizibe matundu."

Jambo hilo lilimuuma Tarjo, na alikuwa na haki. Lijon alitamani kumwambia. Badala yake aligeukia mti ule unaotikisa majani bila upepo, mti uliojaa maji kutoka mizizini hadi kileleni, akauchukia kama mtu anavyomchukia mtu.

Baada ya siku chache macho ya Tarjo yalikuwa mekundu, na alianza kuitika alipokuwa hakuitwa. Mzee Langrine hakuweza kutembea, kwa hiyo kutotulia kwake kote kuliingia mikononi na mdomoni. Alisokota mchanga. Alihesabu mawimbi kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Jeraha lake lilivimba, na Lijon alipolifungua kulisafisha kwa maji ya bahari, harufu ilimfikia kabla kitambaa hakijatoka.

"Tunaondoka kesho," alisema.

"Mbingu zimefungwa," Tarjo alisema. "Utaenda kwa nyota gani?"

"Mguu wa baba yako umeanza kuoza. Na huko nyumbani wakitutafuta watatutafuta visiwa vya ndege, si hapa."

Mzee aliacha kuhesabu. "Hapa ni Bokanil," alisema. "Jeruon iko chini ya upepo, kule upepo wa mashariki unakoelekea. Wimbi la mashariki likupige nyuma, bega la kushoto. Ukilishika hilo, utakutana na lile linalorudishwa na nchi. Yakikutana yanafunga fundo. Ukipata fundo moja, mengine yamepangana mpaka nyumbani." Alisema yote hayo mbele ya mwanawe, haraka haraka, kama mtu anayemwaga gunia, kisha akashika kinywa chake kwa mkono.

*

Waliisukuma boti alfajiri, bahari ikiwa ya kijivu na mbingu ya kijivu, hakuna pa kuzitenganisha. Walipakia matunda ya jabkiki manane kwa ajili ya wawili. Kwa Lijon kulikuwa na chupa moja iliyookotwa ufukweni, yenye maji ya shimo, ambayo haikujaa. Upepo wa mashariki ulikuwa umerudi, ukalijaza turubai, na Bokanil ikazama nyuma yao upesi kuliko walivyotaka.

Lijon alilala kifudifudi ngamani, shavu kwenye ubao. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwake yeye methali hiyo haikuwa fumbo, ilikuwa kazi. Wimbi la mashariki alilipata mara moja. Liliinua boti kwa nyuma, likapita chini ya mbavu zake, likaenda zake. Alilishika. Kwa muda mrefu walikwenda vizuri, naye akiinua mkono wa kulia au wa kushoto, na Tarjo akifuata kwa kasia.

Karibu na adhuhuri alilipoteza. Kulikuwa na mtetemo ndani ya boti, mdogo, haukomi. Alidhani ni bahari, akatafuta ni wimbi gani hilo, akachanganyikiwa. Kisha akafumbua macho akaona. Kisigino cha Tarjo kilikuwa kikigonga ubao. Vidole vya mzee vilikuwa vikipiga ukingo. Magoti ya wote wawili yalikuwa yanacheza. Boti nzima ilikuwa inatetemeka kwa watu wawili wasiolala.

"Tulieni," alisema.

"Tumetulia," Tarjo alisema, mguu ukiendelea.

Na mzee akainuka ghafla kwenye kiti, macho yamemtoka. "Kulia! Geuza kulia! Nimelisikia, fundo lile kule! Tumepita! Geuza, Tarjo!"

Tarjo akalalia kasia, boti ikaanza kugeuka. Nahodha amesema. Nani angebisha? Mtu huyu alikuwa ameleta vyombo nyumbani katika giza na ukungu kwa miaka mingi kuliko umri wao.

Lijon aliinuka kwa magoti. Mbele ya mjomba wake hakuwahi kuinua sauti, wala kusimama akiwa yeye amekaa. Sasa alisimama.

"Usigeuze."

"Lijon!" Tarjo alishtuka.

"Rudisha kushoto. Mjomba, wewe umekula. Mimi sijakula."

 Tanga lilipigapiga. Uso wa mzee ulijaa hasira, hasira ya kweli, akafungua mdomo kumlaani. Na ndipo macho yake yalipoangukia mikono yake mwenyewe iliyokuwa ikirukaruka mapajani kama samaki waliotolewa majini. 

"Kumbe ndiyo hiyo," Tarjo alisema taratibu. "Hilo tunda linawaharibu ninyi. Ndiyo maana anajikausha." Akamgeukia baba yake. "Na ungeniambia zamani, baba, ningekupasulia lile la pili?"

 Mzee alimnyooshea Lijon mikono yote miwili, viganja vimekutana.

"Nifunge."

"Mjomba, siwezi."

"Sasa hivi mimi si mjomba. Mimi ni mzigo unaocheza. Mzigo unaocheza hufungwa."

Alimfunga. Alimfunga kwa kipande cha kamba kilichobaki kwenye tanga, mikono na miguu, akakwepa jeraha, akamkaza kwenye kiti huku akilia bila machozi kwa sababu machozi hayakuwepo mwilini. Mzee alimsaidia kwa kumwonyesha fundo lipi halilegei.

"Na mimi?" Tarjo aliuliza. "Mimi nikifungwa nani atashika kasia?"

"Ingia majini," Lijon alisema. "Shika kamba nyuma. Nikilipata nitakuita."

Tarjo alitazama maji. Asubuhi ile walikuwa wameona pezi, na baada yake jingine.

"Sawa," alisema, akavua suruali. "Na papa akinila, naye asilale!"

Akatumbukia. Hata mzee, kifungoni, alicheka.

Lijon akashusha tanga, akalala tena ngamani. Boti ikanyamaza. Mwanzoni alisikia moyo wake tu, halafu kiu, na kiu ilikuwa na sauti kubwa kuliko bahari. Pembeni mwa kichwa chake matunda yalibingirika taratibu kwenye ubao. Aliweza kusikia maji ndani yake. Mkono wake ulikwenda wenyewe ukagusa ganda moja, na hakuna aliyekuwa akimwona, kwa maana mjomba alikuwa amefumba macho makusudi. Akaurudisha mkono, akaulalia.

Akangoja. Wimbi la mashariki likapita. Likapita tena. Na katikati, dogo, kutoka mbele, likija kinyume, kitu kilimgusa chini ya kitovu. Alizuia pumzi. Kikamgusa tena. Lilikuwa wimbi lililogonga nchi likarudi. Mawili hayo yalipokutana boti iliinuka kidogo, ikasita, ikatua, kama mtu anayejikwaa kizingitini.

"Fundo!" alipiga kelele, na sauti ikatoka kama karatasi inayopasuka. "Tarjo, panda! Kushoto, kushoto kidogo!"

Tarjo akapanda akitiririka maji, akapandisha tanga. Lijon alishika upepo kwa shavu, akamwambia auweke palepale. Walipokwenda kiasi alimwamuru arudi majini, naye akaingia bila neno, na fundo la pili likawa pale lilipopaswa kuwa. Mara ya tatu Tarjo alipanda mbio kuliko kawaida, akasema tu kwamba jirani zake huko chini wana meno mengi. Mara ya nne Lijon hakuweza kuinua kichwa. Alinyoosha kidole ubaoni, Tarjo akafuata kidole.

Jioni ndege weupe walipita juu yao wawili wawili, wanakwenda upande uleule. Kisha Tarjo akaona tumbo la wingu mbele limekuwa la kijani, rangi ya maji ya ndani ya mwamba, na akaanza kuimba kwa sauti mbaya. Vichwa vya minazi vilitoka baharini kimoja kimoja.

*

Watu wa Jeruon walikuwa wameshaanza kuwalilia. Walipoiona boti ikipita mlango wa mwamba na tanga la turubai waliingia majini mpaka kifuani, wakaivuta. Walimkuta mzee Langrine amefungwa kama nguruwe wa sherehe, wakatazamana.

"Nani kamfunga nahodha?" chifu aliuliza.

"Mimi," Lijon alisema, au alidhani amesema. Mtu alimwekea dafu mdomoni. Mama mkwe wake alikuwa pale na mtoto mgongoni, analia na kugomba kwa pamoja. Lijon alikunywa, akakaa chini mchangani, akanywa tena.

Wakamfungua mzee. Mganga wa zahanati alitaka kumbeba mara moja, lakini yeye alimsukuma, akashika bega la Tarjo, akasimama kwa mguu mmoja mbele ya chifu na watu wote, wanawake na watoto na wageni wa kisiwa cha pili.

"Sikilizeni," alisema, mikono ikitetemeka. "Anayelala ngamani asipewe jabkiki. Hata kipande. Linaua kusikia kwa tumbo. Ndiyo sababu sisi hulikataa msibani."

"Langrine!" mzee mmoja wa ukoo alimkemea. "Hayo ni ya ndani!"

"Yalikuwa ya ndani. Watoto hawa walinipa mimi kwanza kwa heshima, kwa sababu hawakujua. Heshima yao ilinitia upofu, na siri yangu ilikaribia kutuua. Basi sasa ajue kila mtu, ajue na mwanangu." Aligeuka. "Aliyetuleta ni huyu. Hakuwa na ruhusa ya mtu. Kama kuna faini, chifu, mtanitoza mimi niliyemtuma."

 Chifu alimtafuta Lijon kwa macho, ili aseme naye.

Lijon alikuwa amelala. Alikuwa amelala palepale alipokaa, shavu mchangani, dafu limemlalia mkononi linamwaga maji yake ya mwisho. Wanawake wawili wakainama wamwinue wampeleke ndani.

"Mwacheni," mzee Langrine alisema, akajishusha chini kando yake kwa shida, akaanza kumfukuzia nzi kwa ule mkono usiotulia. "Kama ni kukesha, nipo mimi."